The Clash na Joe Strummer: maswali mnayoniuliza kila nikivaa ile fulana

Fulana yenyewe niliinunua Karume kwenye mitumba, nyeusi imeshapauka, kifuani kuna jamaa ameinama, miguu kaitanua, anapigiza gitaa chini kama mtu anapasua kuni, pembeni maandishi ya pinki na chini ya kijani. Sikujua ni nini, niliipenda picha tu. Nilipokuja kujua ni jalada la London Calling, albamu ya The Clash, bendi ya Uingereza ya muziki wa panki, nikawa sijalala, yaani usiku mzima nasikiliza, na tangu hapo sijaacha. Sasa kila nikiivaa naulizwa maswali yaleyale, kwenye daladala, kazini, mpaka msibani niliulizwa. Nimeona niyajibu yote hapa, vizuri, maana hawa watu wanastahili kuelezewa vizuri.

Panki si ule mtindo wa kunyoa nywele?

Ndio, jina limetoka hukohuko. Kinyozi wa Bongo akikwambia nikunyoe panki anazungumzia nywele, lakini nywele zile zilikuja na muziki, na muziki ulianza miaka ya kati ya 70, New York kwanza kisha London ukalipuka 1976. Ni roki iliyovuliwa koti, nyimbo fupi za dakika mbili tatu, gitaa la kukwaruza, dramu mbio, na mtu anayeimba kama anagombana na mwenye nyumba. Uingereza wakati ule vijana wengi hawakuwa na ajira, na bendi kubwa za roki zilikuwa zimeshakuwa za matajiri wanaoruka na ndege zao. Panki ikasema hivi: kama unajua kodi tatu za gitaa, yaani mikao mitatu tu ya vidole, panda jukwaani. Hilo tu. Mlango ukafunguka na kila mtu akaingia, wenye kipaji na wasio nacho.

The Clash ni akina nani?

Wanne. Joe Strummer, sauti na gitaa. Mick Jones, gitaa la solo na sauti nyororo, huyu ndo alikuwa fundi wa kupanga muziki. Paul Simonon, besi, mtoto wa mitaa ya London kusini, mchoraji, alipoingia bendi hakujua kupiga kabisa, walimchorea noti kwenye shingo ya besi. Na Topper Headon kwenye dramu, alikuja 1977 baada ya Terry Chimes. Shoo ya kwanza walipiga Sheffield, tarehe 4 Julai 1976, wakiwafungulia Sex Pistols, bendi nyingine ya panki.

Na huyu Joe Strummer ni nani hasa?

Hapa nikae kidogo, maana ndo moyo wa habari yote.

Jina lake la kuzaliwa John Mellor. Alizaliwa Ankara, Uturuki, 1952, baba yake alikuwa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, mama yake nesi kutoka Scotland. Kwa hiyo utoto wake ni wa kuhamahama, Uturuki, Cairo, Mexico, Ujerumani, alafu akarudishwa Uingereza akawekwa bweni na kaka yake David wakati wazazi wanaendelea na safari za kikazi. Wazazi anawaona mara moja kwa mwaka. David alikuwa mkimya, akajiingiza kwenye chama cha wabaguzi, National Front, na mwaka 1970 akajiua. Joe, kijana wa miaka 17, ndo alikwenda kuutambua mwili.

Mimi nikisikiliza nyimbo zake dhidi ya ubaguzi sisikii siasa za magazetini. Namsikia mtu ambaye ile sumu iliingia nyumbani kwao na kumchukulia kaka.

Baadaye akaacha chuo cha sanaa, akaenda Wales akachimba makaburi kwa mshahara, akarudi London kuishi kwenye nyumba mbovu zisizo na wapangaji ambazo vijana walikuwa wanajiingilia tu, akaanzisha bendi ikaitwa 101'ers kwa sababu nyumba yao ilikuwa namba 101. Gitaa lake maarufu, Telecaster, alichangia kulinunua na pauni 100 alizopata kwa kufunga ndoa ya makaratasi na bibi mmoja wa Afrika Kusini aliyehitaji kibali cha kubaki Uingereza. Akalipaka rangi nyeusi ya magari na akalipiga mpaka anakufa. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto anayepiga kwa mkono wa kulia, vidole vyake vyenye ufundi vikawa upande mmoja na kazi ya ufundi upande mwingine, ndo maana akajiita Strummer, yaani mkwaruzaji, alikuwa anasema anaweza kupiga nyuzi zote sita au asipige hata moja. Mkono ulikuwa unachubuka mpaka anaufunga utepe wa gundi kabla ya shoo.

Huyo kwenye fulana ndo Joe?

Hapana ndugu yangu, huyo ni Paul. New York, ukumbi wa Palladium, Septemba 1979. Mashabiki walikuwa wamekatazwa kusimama kwenye viti, shoo imepoa, Paul akapandwa na hasira akaigeuza besi akaishika shingo kama shoka. Mpigapicha Pennie Smith alikuwa pembeni, akabonyeza huku anarudi nyuma asipigwe. Picha ikatoka na ukungu kidogo, na yeye mwenyewe hakutaka itumike kwa sababu haikuwa kali kwa macho ya fundi. Joe ndo alimng'ang'ania. Maandishi yale ya pinki na kijani yameigwa kwenye albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya 1956. Vipande vya ile besi vilikabidhiwa makumbusho ya jiji, Museum of London, mwaka 2021, mbao imepasuka vilevile.

Mbona bendi ya wazungu inapiga rege?

Kwa sababu walikua nayo. London ya magharibi, Notting Hill, na Brixton kule kusini, ilikuwa imejaa Wajamaika, na mtoto kama Paul alisikia ska na rege mtaani kabla hajasikia roki vizuri. Alafu kwenye klabu ya kwanza ya mapanki, Roxy, DJ alikuwa Don Letts, kijana mwenye asili ya Jamaika, na kwa kuwa rekodi za panki zilikuwa bado hazijatoka za kutosha yeye akawa anapiga rege tu usiku kucha. Vijana wa pande mbili wakajikuta ukumbi mmoja.

Agosti 1976, kwenye karnivali ya Notting Hill, polisi na vijana weusi walipigana vibaya, Joe na Paul walikuwepo katikati ya mawe. Wimbo wao wa kwanza kutoka, "White Riot", umetokana na siku ile. Watu wengi wanausikia vibaya wanadhani ni wa kibaguzi, kumbe Joe anawauliza wazungu wenzake, hawa wenzetu wanasimama kudai haki yao, nyie mbona mmekaa?

Na nyakati zenyewe zilikuwa mbaya. Hapa kuna jambo linatuhusu sisi moja kwa moja: Wahindi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 60, na wale Idi Amin aliowafukuza Uganda 1972, walipofika Uingereza ndo wakawa kisingizio, National Front ikapata watu wengi kwa kuwatisha Waingereza kwamba wanavamiwa. Familia iliyofukuzwa Kampala na begi moja inafika inakuta mabango ya "rudini kwenu". Alafu Agosti 1976 mpiga gitaa Eric Clapton, ambaye jina lake limejengwa juu ya blues ya watu weusi, akapanda jukwaani Birmingham akaunga mkono maneno yaleyale. Ndo ikazaliwa Rock Against Racism, harakati ya wanamuziki dhidi ya ubaguzi. Tarehe 30 Aprili 1978 maelfu kwa maelfu waliandamana kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, mashariki mwa London, na The Clash wakapiga pale pamoja na Steel Pulse na wengine. Kuna watu wazima leo Uingereza wanaokwambia siku ile ndo waliamua wako upande gani.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kwamba Joe hakujifanya anajua kila kitu kuhusu weusi. Wimbo "(White Man) In Hammersmith Palais", wa 1978, ni yeye kaenda shoo ya rege, mzungu karibu peke yake ukumbini, anategemea kusikia mapambano, anakuta wasanii wanaburudisha kwa suti na minuso. Badala ya kuwalaumu anajigeuzia swali mwenyewe: nilikuwa nategemea nini, nani kanipa haki ya kuwachagulia? Kwa kijana wa miaka 25 hilo ni jambo kubwa.

Ni kweli waliuza albamu kwa hasara?

Kweli. London Calling, Desemba 1979, ilikuwa santuri mbili kwa bei ya moja, kama pauni 5. Kampuni yao ya kurekodi, CBS, ilikataa kata kata santuri mbili, wao wakaomba basi tuwekee singo moja ya bure ndani, yaani santuri ya wimbo mmoja au miwili, wakakubaliwa, alafu ile "singo" wakaijaza nyimbo tisa. Nyimbo zote zikawa 19, na ya mwisho, "Train in Vain", iliingizwa dakika za lala salama mpaka haikuandikwa kwenye jalada.

Mwaka uliofuata wakaenda mbali zaidi. Sandinista!, santuri tatu, nyimbo 36, kwa pauni 5.99, na ili kampuni ikubali wakasamehe mrabaha wao kwenye nakala 200,000 za kwanza Uingereza. Walikuwa na madeni shingoni. Sio kwamba nyimbo zote 36 ni nzuri, mimi mwenyewe zipo ninazoruka, lakini fikiria mtu mwenye deni anayesema acha mimi nikose ila yule kijana asiye na kazi apate. Na sio kwenye bei tu. Baada ya shoo milango ya nyuma ilikuwa wazi, mashabiki wanaingizwa mpaka kwa madirisha, waliokosa usafiri wanalala chini kwenye vyumba vya hoteli vya bendi. Watu waliolala kwenye zile sakafu ndo wengi wakaja kuanzisha bendi zao.

Joe aliwahi kusema bila watu wewe si kitu. Kwetu tunasema mtu ni watu, kwa hiyo sikuhitaji kutafsiriwa.

Si walijiuza tu kwa CBS?

Hili swali liliulizwa siku ileile. Januari 1977 walisaini CBS kwa pauni 100,000, na Mark Perry aliyekuwa anatoa kijarida cha mapanki akaandika kwamba panki imekufa siku hiyo. Nayaheshimu maoni yake. Ila pesa ile ndani yake kulikuwa na gharama za kurekodi na za ziara, ikaisha, na mkataba ukawafunga miaka. Albamu ya kwanza CBS ya Marekani ilikataa kuitoa, eti sauti mbovu, watu wakaagiza kutoka Uingereza zaidi ya nakala 100,000, ndipo wakaitoa 1979. Kampuni ilipotoa singo bila kuwauliza walijibu kwa wimbo mzima wa kuilalamikia, "Complete Control", na aliyekaa kwenye mitambo ni Lee "Scratch" Perry, fundi wa rege wa Jamaika. Bila CBS ile fulana isingefika Karume, huo nao ni ukweli.

"London Calling" ina uhusiano na BBC?

Ina uhusiano, na hili swali nalipenda. Ni maneno ya watangazaji wa BBC wakifungua matangazo ya nje, hasa wakati wa vita vya Hitler, watu wa Ulaya iliyokaliwa wanasikiliza kwa kujificha. Sisi wa Kiswahili tunalijua hilo jambo kwa masikio yetu, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na babu yangu jioni akiwasha redio ya mkulima nyumba nzima inanyamaza mpaka sauti ya London ipite kwenye mikwaruzo. Joe aliichukua ile sauti ya kuaminika akaipa habari ya kutisha: ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Machi 1979, na hofu kwamba mto Thames utafurika na kuuzamisha mji. Mwisho wa wimbo gitaa linalia kama mawasiliano ya mors, ile milio mifupi na mirefu ya simu za zamani, yanayokatika.

Na cha kupendeza, miaka ya mwisho ya 90 BBC World Service ikampa Joe kipindi chake mwenyewe, kikaitwa jina hilohilo, akawa anapiga muziki wa dunia nzima, Kolombia, Afrika, Jamaika, chochote kilichomkosesha usingizi.

Ile "Paper Planes" ya M.I.A. ni yao?

Mlio ule wa gitaa unaozunguka ni wao, kipande kimetoka kwenye "Straight to Hell" ya 1982. Ulicheza kwenye kila redio na kila sherehe na wengi wetu hatukujua. M.I.A. ni binti wa Kitamil aliyekimbia vita Sri Lanka na kulelewa London, anaimba kuhusu wahamiaji wanavyoonekana wahalifu. Na wimbo wa awali ni kuhusu wasiotakiwa: viwanda vya chuma vilivyofungwa kaskazini mwa Uingereza, wahamiaji wanaokanyagwa, watoto walioachwa Vietnam na baba zao askari wa Kimarekani. Yaani wimbo ulikaa miaka 25 ukamsubiri mwenyewe.

Sio huo tu. Besi ya "The Guns of Brixton", aliyoitunga Paul, ilichukuliwa na Beats International, ikawa namba moja Uingereza 1990.

"Rock the Casbah" ni wa kutukana Waislamu?

Naulizwa sana hasa na ndugu zangu wa Zanzibar, na naelewa kwa nini. Joe alikuwa amesikia habari za Iran baada ya mapinduzi, muziki umepigwa marufuku, akatunga kisa cha mfalme anayezuia muziki na wananchi na hata marubani wake wanakataa kutii. Lengo ni mtawala, sio dini. Muziki wenyewe aliutunga Topper, siku hiyo wenzake hawajafika studio, akapiga dramu, piano na besi peke yake.

Kilichomuumiza Joe ni kilichofuata. Vita vya Ghuba 1991, wimbo unapigwa kwenye redio ya jeshi la Marekani, na jina la wimbo likaandikwa kwenye bomu lililokwenda kuangushwa Iraq. Inasimuliwa na waliomjua kwamba aliposikia alilia. Dawa ya kile kidonda kwangu mimi ni Rachid Taha, Mualgeria aliyekulia Ufaransa, aliyeuimba kwa Kiarabu mwaka 2004, na oud, ile udi ya taarabu, ndani. Usikilize, utaona umerudi nyumbani.

Walivunjikaje?

Vibaya. Mei 1982 wakamtoa Topper kwa sababu ya heroini, Septemba 1983 wakamfukuza Mick, yule fundi wa muziki. Joe na meneja wao Bernard Rhodes wakaendelea, 1985 wakatoa albamu ambayo hata mimi sina hamu ya kuitetea, 1986 kwisha. Joe alijua amekosea, alimfuata Mick mpaka Bahamas kumwomba radhi, Mick alikuwa ameshaanza bendi nyingine. Kwa kweli miaka kama kumi iliyofuata Joe alipotea, akafanya filamu, akapiga na The Pogues, lakini yeye mwenyewe hakuwepo hasa. Aliamka tena 1999 na bendi yake mpya, The Mescaleros.

Alikufaje?

Nyumbani kwake Somerset, tarehe 22 Desemba 2002, katoka kutembeza mbwa, akakaa kwenye kochi. Moyo. Alizaliwa na hitilafu ambayo hakuna daktari aliyewahi kuiona. Miaka 50.

Lakini wiki tano kabla, Novemba 15, wazimamoto wa Uingereza wako kwenye mgomo wa mishahara, Joe akawapigia shoo ya kuwachangia kwenye ukumbi wa manispaa ya Acton, London. Mick alikuwa kati ya watazamaji. Joe akaanza "Bankrobber", na Mick, bila kupanga na mtu, akapanda jukwaani, akapewa gitaa, wakapiga pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19. Wakaendelea na "White Riot" na "London's Burning". Watu walioweza kuwalipa mamilioni warudiane walikuwepo miaka yote, wakakataliwa. Walirudiana bure, kwa ajili ya wazimamoto. Siku ya mazishi wazimamoto walikuja na sare zao wakamsindikiza.

Ameacha nini, mbali na nyimbo?

Mjane wake na marafiki walianzisha mfuko, siku hizi unaitwa Joe Strummer Foundation, unawasaidia vijana wasio na uwezo kupata vyombo na nafasi ya kurekodi. Wimbo wa kampeni ya Mandela dhidi ya ukimwi, 46664, Joe aliuandika pamoja na Bono na Dave Stewart, hakuishi kuona tamasha la Cape Town la Novemba 2003. Granada, Hispania, mji alioupenda, kuna kiwanja kidogo kimepewa jina lake tangu 2013. Paul naye akaja kupiga besi na Tony Allen, yule mpiga dramu wa Fela Kuti. Nairobi kuna Crystal Axis, vijana wanaopiga panki, wana wimbo kuhusu mahandaki ya mateso ya Nyayo House. Sisemi ni wanafunzi wa Joe, nasema usikilize.

Nianzie wapi?

London Calling nzima, kwa mpangilio wake, sio kuchagua. Alafu "Hammersmith Palais". Alafu subiri usiku, weka "Straight to Hell", vaa hedifoni. Utasikia dramu kubwa inagonga kwa namna ya ajabu, kama mtu yuko mlangoni. Huyo ni Joe, yuko mbele ya dramu, anaigonga na chupa ya soda iliyofungwa taulo.

Fulana siuzi, mkome kuniuliza bei.